Ziwa la Mama Halina Alama za Vipimo: Namna ya Kujua Kama Mtoto Anayenyonya Anashiba

Mtoto anayenyweshwa kwa kikombe au chupa huacha ushahidi nyuma yake, kwani mama huona maziwa yalipoanzia, yalipoishia na kiasi kilichobaki. Mtoto anayenyonya haachi ushahidi wa namna hiyo. Anashika ziwa, anavuta kwa dakika kumi au arobaini, anaachia, na mama aliyeketi kitandani hana njia ya kuona ni kiasi gani kimetoka kwake kwenda kwa mwanawe. Katika pengo hilo ndimo wasiwasi unamoingia, na maneno ya watu nayo yanapata pa kukaa: maziwa yako mepesi, mtoto anashinda na njaa, mpe hata uji wa maji maji apate usingizi.

Jioni moja nilikuwa kwa jirani yangu, mzazi wa mtoto wa kwanza, siku ya tisa tangu ajifungue. Mtoto alikuwa amenyonya, akalala dakika ishirini, akaamka analia, akanyonya tena, akalia tena. Mama mkwe, mwanamke mpole aliyelea watoto sita na asiye na nia yoyote mbaya, alisema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mtoto huyu hashibi." Yule mzazi akajibu, "Mama, amenyonya sasa hivi, matiti yote mawili," kisha macho yakamjaa machozi. Wote wawili walikuwa wakimtazama mtoto usoni, wakitafuta jibu kwenye kilio chake. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango wa uani, na kutoka pale niliona kamba ya nguo ina nepi nane za kitambaa zilizofuliwa tangu alfajiri, na kwenye ndoo zilikuwapo nyingine mbili zenye madoa ya njano. Jibu lilikuwa limeanikwa uani tangu mchana.

Msingi wa jambo lote ni huo. Kinachoingia kwa mtoto hakionekani, lakini kinachotoka kinaonekana na kinaweza kuhesabiwa, na uzito unaojengeka mwilini mwake unaweza kupimwa. Mkojo, choo na uzito ndivyo vipimo vya kuaminika. Dalili nyingine zinasaidia zikisomwa pamoja na vipimo hivyo, lakini zikisimama peke yake hupotosha.

Tuanze na mkojo, maana ndio unaotoa habari mapema kuliko vyote. Siku ya kwanza mtoto hunyonya maziwa ya mwanzo, yale mazito ya rangi ya njano ambayo baadhi yetu huyaita dang'a, na hupata kidogo sana: kijiko kimoja cha chai au viwili kwa mnyonyo mmoja. Kiasi hicho kinalingana na tumbo lake. Kwa hiyo nepi moja iliyolowa siku ya kwanza inatosha, mbili siku ya pili, tatu siku ya tatu. Maziwa mengi huingia kati ya siku ya pili na ya nne, wakati mama anapohisi matiti yamejaa na kupata joto, na hapo mkojo unapaswa kuongezeka kwa kasi. Kuanzia siku ya tano au ya sita, mtoto anayepata maziwa ya kutosha hulowesha nepi sita au zaidi kwa saa ishirini na nne, na mkojo wake unakuwa karibu na rangi ya maji, usio na harufu kali. Mkojo mchache wenye rangi ya njano iliyokolea baada ya wiki ya kwanza unaeleza kwamba maji yanayoingia ni machache.

Yako mambo mawili kuhusu mkojo ambayo huwachanganya wazazi wengi. La kwanza ni doa la rangi ya chungwa au la waridi, kama vumbi la tofali, linaloonekana kwenye nepi siku mbili tatu za mwanzo. Wengi hudhani ni damu, kumbe ni chembechembe za chumvi za mkojo uliokolea, nazo ni za kawaida katika siku hizo. Zikiendelea kuonekana baada ya siku ya nne zinakuwa onyo kwamba mtoto hapati maji ya kutosha, na anapaswa kuangaliwa na mtaalamu siku hiyohiyo. La pili ni pempasi. Nepi ya kitambaa inalowa mara moja na kila mtu anajua, lakini pempasi hufyonza mkojo hadi ukaonekana kama haupo. Anayetumia pempasi achukue moja kavu, amimine vijiko vitatu vya chakula vya maji, kisha aishike mkononi. Uzito huo ndio wa nepi iliyolowa vizuri, na mkono ukishaujua hausahau.

Choo nacho kina masimulizi yake, na katika wiki ya kwanza hubadilika karibu kila siku. Choo cha kwanza ni cheusi na kinanata kama lami, kwa kuwa ni uchafu uliokusanyika tumboni kabla ya kuzaliwa. Maziwa yanapoanza kupita, choo hugeuka kuwa cha kijani chenye ukahawia siku ya tatu au ya nne, na kufikia siku ya tano kinakuwa cha njano, chepesi, chenye punje punje kama mbegu ndogo. Mabadiliko hayo ya rangi yana thamani kubwa, kwa sababu choo hakigeuki njano bila maziwa kupita. Mtoto wa siku ya tano ambaye bado anatoa choo cheusi anatueleza kwamba maziwa yanayomfikia ni kidogo mno, hata kama anashinda kwenye ziwa. Katika wiki za mwanzo tunatarajia choo mara tatu nne kwa siku au zaidi, na wapo wanaokwenda kila wanaponyonya. Wepesi huo wa choo si kuharisha. Baada ya wiki sita hivi mambo hubadilika tena: mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee anaweza kukaa siku kadhaa bila choo, kisha akatoa kingi na laini. Ikiwa anakojoa vizuri, ana furaha na uzito unapanda, hiyo si dalili ya kufunga choo wala ya njaa, na hakuna haja ya kumpa maji wala dawa.

Kipimo cha tatu ni uzito, ambacho ndicho chenye uamuzi mkubwa na pia kinachosomwa vibaya mara nyingi. Karibu watoto wote hupungua uzito siku za kwanza, kwa sababu hutoa choo cha kwanza na maji ya ziada waliyozaliwa nayo wakati maziwa bado hayajaongezeka. Kupungua hadi asilimia saba hakutishi, kunapokaribia asilimia kumi mnyonyo wenyewe lazima uchunguzwe, na kupita hapo kunahitaji hatua za haraka. Mtoto wa jirani yangu alizaliwa na gramu 3,200, na siku ya tano alipimwa gramu 2,980. Ukiziangalia namba hizo bila maelezo, moyo unashtuka kwa gramu 220 zilizopotea, lakini ni chini kidogo ya asilimia saba. Matarajio ni kwamba mtoto awe amerudia uzito wake wa kuzaliwa kufikia siku ya kumi hadi ya kumi na nne, kisha aongezeke gramu 20 hadi 30 kwa siku katika miezi mitatu ya mwanzo. Kiwango cha chini ambacho wahudumu wa kliniki hutumia mara nyingi kwa miezi sita ya mwanzo ni nusu kilo kwa mwezi. Siku ya kumi na nne mtoto yule alipimwa gramu 3,250.

Uzito una masharti yake. Mtoto apimwe bila nguo wala nepi nzito, na ikiwezekana kwenye mizani ileile, kwa kuwa tofauti ya mizani mbili peke yake inaweza kufikia gramu mia au zaidi na kumtia mama hofu bure. Kipimo kimoja hakisemi mengi, bali mstari unaochorwa kwenye kadi ya kliniki mwezi baada ya mwezi ndio unaoeleza safari ya mtoto. Vigezo vya ukuaji vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006 vilitokana na watoto walionyonyeshwa katika nchi sita: Brazili, Ghana, India, Norwe, Oman na Marekani. Nalitaja hilo kwa makusudi, kwa sababu chati zilizotumika kabla ya hapo zilitegemea sana watoto waliolelewa kwa maziwa ya kopo, ambao huongezeka kwa mwendo tofauti, na mtoto mwenye afya anayenyonya aliweza kuonekana kana kwamba anabaki nyuma baada ya miezi michache. Tena, mtoto mwembamba anayefuata mstari wake bila kuuacha anakua vyema kuliko mtoto mnene ambaye mstari wake umeanza kulala. Kulinganisha watoto kwenye benchi la kliniki hakumsaidii mama yeyote.

Baada ya vipimo hivyo vitatu, jambo la kutazama ni mnyonyo wenyewe, nao unahitaji utulivu na mwanga wa kutosha. Mtoto aliyeshika ziwa vizuri hufungua kinywa kama anayepiga miayo. Kidevu chake kinagusa ziwa, mdomo wa chini umebinuka nje, na sehemu nyeusi inayozunguka chuchu inaonekana zaidi juu ya kinywa kuliko chini yake. Mwanzoni anavuta haraka haraka, mvuto mdogo mdogo wa kuita maziwa. Yakianza kushuka, mwendo unabadilika: taya linashuka taratibu, linasita kidogo kinywa kikiwa kimejaa, kisha mtoto anameza na kutoa pumzi yenye sauti ndogo, kama mtu anayepumua juu ya kioo. Kule kusita kwa taya ndiko kumeza. Mtoto anayevuta haraka haraka tangu mwanzo hadi mwisho bila kusita, mashavu yakibonyea ndani na midomo ikitoa sauti ya kulamba, anajituliza kwenye ziwa lakini hapati maziwa mengi, na saa nzima ya kunyonya kwa namna hiyo haina thamani ya dakika kumi za kumeza. Maumivu makali yanayoendelea, au chuchu inayotoka kinywani ikiwa imebanwa na kuwa bapa, pia huashiria kwamba mtoto ameshika chuchu badala ya ziwa. Mara nyingi kubadilisha tu namna ya kumpakata, tumbo lake likielekea tumbo la mama na kichwa kikiwa huru kuinama nyuma kidogo, hurekebisha jambo lililoitwa uhaba wa maziwa.

Sasa tuje kwenye dalili zinazopotosha, ambazo kwa maoni yangu ndizo zilizowaachisha kunyonyesha akina mama wengi kuliko uhaba wenyewe. Kilio ni ya kwanza. Mtoto hulia kwa njaa, lakini hulia pia kwa joto, gesi, uchovu, nepi iliyolowa na hamu ya kushikwa tu. Pili ni kunyonya mara kwa mara. Mtoto mchanga hunyonya mara nane hadi kumi na mbili kwa siku, usiku ukiwamo, na wengi hukusanya minyonyo mingi jioni, saa moja hadi saa nne usiku, wakitaka ziwa kila baada ya nusu saa. Hivyo ndivyo alivyokuwa mtoto wa jirani yangu. Zipo pia siku mbili tatu za kunyonya bila kupumzika, mara nyingi karibu na wiki ya tatu na ya sita, ambapo mtoto anaagiza maziwa ya wiki inayofuata. Tatu ni matiti kuwa laini. Kujaa na kuvuja kwa wiki za mwanzo hutokana na mwili ambao bado haujajua mahitaji ya mtoto. Ukishayajua, kwa kawaida baada ya wiki kadhaa, matiti hulegea na kuvuja kunaweza kukoma kabisa wakati maziwa yako palepale. Ukubwa wa matiti nao hauelezi chochote, kwa kuwa sehemu kubwa ya umbo lake ni mafuta. Hata kiasi kinachokamuliwa si kipimo, maana mkono au pampu haivuti kama mtoto.

Ili kuona kwa nini dalili hizi ni za hatari zikiaminiwa, inabidi kufahamu namna maziwa yanavyotengenezwa. Mtoto anaponyonya, ubongo wa mama hutoa homoni mbili: prolaktini, inayoziamrisha tezi kutengeneza maziwa na ambayo huwa nyingi zaidi usiku, na oksitosini, inayoyasukuma maziwa yashuke. Zaidi ya hapo, ziwa lenyewe hujitawala. Likikaa limejaa, kasi ya kutengeneza hupungua. Likiondolewa maziwa, kasi huongezeka. Kwa hiyo mama anayesubiri matiti "yajae kwanza" ndipo anyonyeshe anayaambia yapunguze kazi. Na mama anayeambiwa maziwa hayatoshi, akampa mtoto uji au maziwa ya kopo jioni, anaona mtoto amelala saa nne mfululizo na anaamini kwamba kweli alikuwa na njaa. Kumbe tumbo limepewa kitu kizito, mnyonyo mmoja au miwili imerukwa, na ziwa limepokea ujumbe kwamba maziwa yale hayahitajiki. Kesho yake maziwa ni machache kidogo, kilio kinaongezeka, uji unaongezwa. Baada ya wiki mbili maziwa yamepungua kweli, na watu wote nyumbani wanasema tuliona mapema. Uhaba ambao haukuwapo umetengenezwa kwa mikono ya watu wenye upendo.

Ndiyo maana suala hili linagusa jamii nzima. Utafiti wa kitaifa wa afya nchini Tanzania wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 64 ya watoto walio chini ya miezi sita walikuwa wakinyonya maziwa ya mama pekee, kutoka asilimia 59 katika utafiti wa mwaka 2015 na 2016. Nchini Kenya, utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 60. Haya ni mafanikio, lakini bado zaidi ya mtoto mmoja kati ya watatu anapewa kitu kingine mapema, na mara nyingi kitu hicho ni maji, kwa hoja kwamba pwani kuna joto. Maziwa ya mama ni maji kwa karibu asilimia 88, na mtoto mwenye kiu hunyonya mara nyingi zaidi, hata Dar es Salaam mwezi wa Februari. Maji tunayompa hujaza tumbo bila kumlisha, na yakiwa si salama humletea kuharisha.

Kuhusu chakula cha mama, sina ugomvi na supu ya pweza, mtori wala uji wa pilipili manga. Mzazi anahitaji chakula cha moto na cha kutosha, na anayepikiwa anapata pia muda wa kukaa na mtoto. Hata hivyo hakuna supu inayoweza kuchukua nafasi ya ziwa kunyonywa na kupungua, na mama anayekunywa supu huku mtoto akipewa chupa atashiba yeye, maziwa yasiongezeke. Mama aliyerudi kazini anahitaji vivyo hivyo nafasi ya kukamua. Sheria ya ajira ya Tanzania inampa siku 84 za likizo ya uzazi, na baada ya hapo hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha, haki ambayo wengi hawaidai kwa kutoijua.

Pamoja na hayo yote, uhaba wa kweli upo, na itakuwa ukatili kumwambia kila mama kwamba anahofia bure. Mama aliyevuja damu nyingi wakati wa kujifungua, aliyebakiwa na kipande cha kondo la nyuma, mwenye matatizo ya tezi ya shingo, aliyefanyiwa upasuaji wa matiti, mwenye tezi chache za maziwa tangu asili, anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni, au aliyepata mimba nyingine, anaweza kuwa na maziwa machache bila kosa lolote. Kwa upande wa mtoto, aliyezaliwa kabla ya wakati, mwenye ulimi uliofungwa, yaani ulioshikwa chini na utando mfupi, mwenye tatizo la moyo au aliyegeuka manjano anaweza kushindwa kuvuta hata pale maziwa yalipo mengi. Mama wa namna hiyo anastahili uchunguzi na msaada, na hastahili lawama.

Naomba familia zishike jambo moja ambalo halitajwi vya kutosha: mtoto aliye hatarini zaidi mara nyingi si yule anayelia. Mtoto asiyepata maziwa huishiwa nguvu, hulala sana, haamki kunyonya, na watu humsifu kwa upole wake. Mtoto mchanga asiyeamka mwenyewe aamshwe walau kila baada ya saa tatu, avuliwe nguo na kuwekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Akikataa ziwa au akawa mlegevu, kinywa kikakauka, utosi ukabonyea, mkojo ukapungua, akapata homa au mwili ukapoa, au umanjano ukafika viganjani na kwenye nyayo, apelekwe kituo cha afya saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Huko, ikithibitika kwamba anahitaji nyongeza, mama aanze kwa kuuliza kama inaweza kuwa maziwa yake mwenyewe aliyoyakamua, yakinyweshwa kwa kikombe kidogo kisafi, mtoto akiwa ameketishwa na ukingo wa kikombe ukigusa mdomo wa chini ili alambe mwenyewe bila kumiminiwa. Ikibidi yatumike maziwa ya kopo kwa ushauri wa daktari au muuguzi, kila mlo uanzie kwenye ziwa, na mama akamue baada yake, mara nane au zaidi kwa siku pamoja na usiku, ili mwili uendelee kupokea agizo. Nyongeza ipunguzwe kidogo kidogo, nepi zikihesabiwa kila siku na uzito ukipimwa kila baada ya siku chache, hadi mhudumu aone kwamba mstari kwenye kadi unapanda bila kikombe.